Ulimi wa Kuazima

Nianze na lile ninalolificha: mimi ni mwokaji wa biskuti, na sijui biskuti zangu zina ladha gani.

Si mzaha. Mwaka ule wa korona nililala siku kumi na moja, nikaamka mzima, ila pua na ulimi havikuamka nami. Daktari aliniambia nisubiri. Ndiyo hivyo, nasubiri mpaka leo. Sukari naijua kwa kuisaga kati ya meno. Vanila, iliki, siagi, vyote kwangu ni maji ya mfereji. Na bado kila Idd ikikaribia, akina mama wa mtaa wetu wa Bondeni wananijia na mikebe yao mitupu: "Najwa, tufanyie zile zako." Zangu! Wangejua.

Aliyejua alikuwa Mama. Jioni baada ya futari alikuwa akionja moja, anafumba macho, ananiambia, "Punguza iliki," nami napunguza. Yeye anakata, mimi naoka, maisha yanaenda. Hata nilipopewa talaka yangu nikarudi nyumbani bila mtoto wala sufuria, ni biskuti hizo zilizotufanya tuwe na la kuzungumza. Lakini mwaka huu, wiki ya mwisho ya Shaabani, Mama alifunga nguo zake kwenye begi la buluu akahamia Lanet kwa kaka yangu Mujahid. Sababu ilikuwa mtu mmoja anayeitwa Kiplimo, asiye wa dini yetu, na mtu huyo anakaa nyumba inayofuata yetu. Tumetenganishwa na ukuta mmoja tu.

"Siwezi kukaa hapa nikitazama," Mama alisema akiwa amesimama na begi lake. "Ukishaamua, utanipigia simu."

"Mama, kwani nimefanya nini? Mtu anasimama nje, dirishani. Hajawahi kukanyaga humu ndani."

"Hilo dirisha ndilo ninaloliogopa. Mlango una komeo."

Akaenda. Nikaingia Ramadhani peke yangu, na oda za mikebe ishirini na mbili zimebandikwa ukutani.

Mtu mmoja hawezi kukanda unga wa mikebe ishirini na mbili, akate, aoke, na huku amefunga. Nilijaribu siku mbili, mabega yakakataa. Basi nikafanya jambo ambalo Mama angelisikia angeketi chini: nilienda supamaketi nikanunua unga wa tayari. Wanauza siku hizi, kila aina, unaongeza hiki na kile unatia kwenye oveni. Lakini mimi nina kiburi changu. Sikuwa tayari kuwauzia watu kitu bila kukilinganisha kwanza. Nikachukua aina tatu. Ya kwanza ilikuwa boksi la kutoka ng'ambo, lina picha ya bibi mzungu anacheka. Ya pili ilikuwa donge lililogandishwa, limeviringishwa kama soseji kubwa, unalikata vipande kwa kisu. Ya tatu ilikuwa pakiti ya kawaida ya hapa nchini, unaweka mafuta na yai, kwisha.

Nilikuwa na vya kuonjwa, nikakosa mwonjaji. Na katika nyumba zote za ploti yetu, nani hakuwa amefunga, tena ana ulimi wa kuaminika? Kiplimo. Anafanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha unga. Kazi yake ni kuoka mikate midogo ya majaribio na kuionja kutwa nzima. Mungu anapotaka kukujaribu hakufichii.

Saa kumi alitokea dirishani, mrefu, nywele zina vumbi jeupe la kazini. Dirisha la jikoni kwetu lina vyuma na linatazama uani, mahali kila mtu anapoanikia nguo. Yeye akasimama kule, mimi huku.

"Sasa, jirani. Leo tuko na wagonjwa wangapi?"

"Watatu. Na uwaambie ukweli, hata kama utawaua."

Nikampitishia kipande cha ile ya Boksi. Akakiinua, akakitazama kwa upande mmoja, kisha mwingine.

"Hii imelala kama chapati."

"Nimefuata maandishi neno kwa neno!"

"Hayo maandishi yaliandikwa na mtu wa pwani ya huko kwao. Sisi tuko juu, Najwa. Mahali juu, donge linakimbia kabla halijashika. Kwetu Mau Narok ndiyo mbaya kabisa. Shangazi yangu alijaribu hiyo boksi, trei nzima ikawa biskuti moja. Wakaikata na panga."

Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Mama aondoke, na sauti yangu ikanishtua, nikaziba mdomo.

"Ongeza unga vijiko viwili," akasema baada ya kuonja, "na ulaze donge kwenye friji nusu saa. Itasimama. Lakini sukari yake hakuna dawa. Ni sukari tu na sukari tena."

Ile iliyogandishwa aliivunja, akainusa tu, akanirudishia. "Hii imelala na tilapia huko kwa freezer. Na katikati haijaiva."

Ya tatu, ya Pakiti, hata mimi nilikuwa naipenda kwa macho. Ilikuwa imesimama vizuri, rangi ya kahawia pembeni, mipasuko midogo juu. Kiplimo akaigusisha ulimi. Kisha akageuka pembeni akajifuta mdomo kwa leso. Alifanya hivyo kila alipoonja. Nikadhani ni adabu za kwao.

"Niambie," nikasema.

"Iko sawa."

"'Iko sawa' si ladha, Limo. Mimi sina ulimi tangu korona, na ni Mama tu anayejua. Niambie."

Akaegemea vyuma vya dirisha. Alipokuwa akitafuta maneno alikuwa na tabia ya kunitazama machoni bila kuondoa, na mimi sikuwa na pa kuyapeleka yangu.

"Unajua baridi ya kwetu saa kumi na mbili asubuhi? Unatoka nje mikono imekufa. Halafu mtu anakupatia chai ya maziwa, na kabla hujakunywa unashika tu kikombe. Hivyo. Utamu wake uko hivyo."

Mwanamke ambaye mwaka wa tano hajaonja kitu, mwambie hivyo uone. Niligeukia oveni nikajifanya natazama moto. Nilikuwa nalia.

Basi tukachagua Pakiti. Na siku zote zilizofuata akawa anakuja saa kumi. Kila trei ikitoka, anaonja, anajifuta kwa leso, ananiambia. Trei moja aliniambia ina utamu wa kuchelewa, nyingine ya mtu anayecheka peke yake. Alikuwa ananipa chakula kwa maneno, na mimi nilikuwa na njaa ambayo haikuwa ya saumu.

Siku ya kumi na tano hakuonja kwanza. Alisimama tu.

"Baada ya Idd nataka kwenda kumwona Mujahid."

"Umwambie nini?"

"Kwamba nataka dada yake."

"Atakuuliza dini kabla hujakaa."

"Najua. Na mama yangu ameuliza tayari. Ameniambia, 'Utaniletea mtu ambaye nikimwekea chai mchana anaitazama tu? Mtu akikataa chai yangu, amenikataa mimi.'" Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Najwa, kuna kazi nimeitiwa nyumbani, shamba kubwa la ngano. Wanataka jibu kabla ya Idd. Ukisema twende kwa Mujahid, nitawaambia hapana. Usiposema kitu, nitaenda. Sitaki kukusumbua hapa dirishani miaka yote."

Sikusema kitu. Siku ile wala iliyofuata. Ungekuwa mimi ungesema nini? Upande mmoja mtu, upande mwingine mama yako na begi la buluu.

Mujahid alinipigia jioni ya siku hiyo ya kumi na tano. Kaka yangu si mtu mbaya, ila akipata neno la kukukata nalo, analinoa kwanza.

"Nimesikia bado anakuja hapo."

"Ananionjea biskuti."

"Mimi simchukii, Najwa. Ni kijana wa heshima. Lakini hebu fikiria. Akisilimu leo, atasilimu kwa ajili ya nani? Kwa ajili yako. Siku mkikosana juu ya chumvi, na imani yake itakuwa imeisha. Wewe umeachwa mara moja. Unataka kuachwa na mtu, halafu aiache na dini siku hiyo hiyo? Utabeba hiyo?"

Nilikata simu. Nilitaka kumchukia na sikuweza, kwa sababu hilo swali lilikuwa langu pia. Yeye alilisema tu.

Nikaendelea kuoka. Mikebe ikajaa, mmoja, miwili, mitano. Kwa macho ilikuwa kazi safi kuliko miaka yote. Siku ya ishirini na moja nikapeleka mikebe minne ya kwanza kwa Ilwad, mke wa muuza vitambaa wa karibu na msikiti, mteja wangu wa miaka sita. Akanibusu mashavu. Nikarudi nyumbani nimesimama wima.

Kesho yake saa tisa na nusu Ilwad alibisha hodi. Ameshika mikebe miwili chini ya buibui, kana kwamba ameiba.

"Najwa, dada, usinikasirikie. Hatujalala salama na hizi biskuti."

"Zimefanya nini?"

"Ukitia mdomoni ni nzuri, wallahi. Ukimeza tu, uchungu. Kama umemeza sabuni. Mzee wangu alikula moja akafuata na glasi mbili za maji. Wageni wote wakawa wanatazamana." Akashusha sauti. "Ni beking poda imezidi, dada. Nilitaka nikwambie mimi mwenyewe, usisikie kwa watu. Lakini kwani hukuonja?"

Swali dogo tu hilo. Nikapokea mikebe kutoka mikononi mwake.

"Nitakufanyia nyingine," nikasema. "Kwa mikono yangu. Samahani sana, Ilwad."

"Hakuna shida. Wewe uko sawa lakini? Umekonda."

Nikamwambia niko sawa. Akaenda. Nikaiteremsha mikebe mingine yote kutoka rafuni, nikaipanga mezani, nikakaa kuitazama. Kila biskuti iliyokuwa pale, Kiplimo alikuwa ameniambia ni nzuri. Siku kumi na tisa, kikombe cha chai, utamu wa kuchelewa, na kumbe anayenidanganya amesimama nusu hatua kutoka usoni pangu. Nilifikiri: amenionea huruma. Hakuna kitu kinachoniuma kama kuonewa huruma. Aliyekuwa mume wangu alinionea huruma mwaka mzima kabla hajaniacha.

Saa kumi akatokea. Leo hata nywele alikuwa amezichana.

"Sasa, jirani. Leo tuko..."

"Kula hii."

Akaitazama biskuti mkononi mwangu, akanitazama mimi.

"Kuna nini?"

"Kula, Kiplimo. Itie mdomoni, utafune, umeze. Nataka nikuone ukimeza."

"Siwezi."

"Huwezi kwa sababu unajua! Ilwad ameniletea mikebe yake hapa mchana kweupe. Uchungu! Sabuni! Siku zote hizi unanisimamia hapo ati chai, ati maziwa, ati mtu anacheka peke yake! Ulikuwa unanichezea? Ulikuwa unaniambia kile unachofikiri nataka kusikia? Mama yangu amehama nyumba hii kwa sababu yako, na mimi hapa nauzia watu sabuni kwa sababu nimekuamini wewe!"

Mama Becky, jirani wa mlango wa buluu, alikuwa akianua nguo. Akachukua beseni lake likiwa nusu, akaingia ndani.

Kiplimo alikuwa amepauka. "Ina uchungu?"

"Usijifanye!"

"Najwa, naomba uniambie. Uchungu uko wapi? Mwanzo ama mwisho?"

"Mwisho! Ukimeza!"

Akashika vyuma vya dirisha kwa mikono miwili, akainamisha kichwa katikati. Hasira yangu ikaanza kuchoka kusimama.

"Sijameza hata moja," akasema.

"Nini?"

"Sijameza. Nilikuwa naweka kwa ncha ya ulimi, natema kwa leso. Kwa ncha ya ulimi ni tamu, Najwa. Haki ya Mungu ni tamu. Uchungu wa poda unakuja kooni. Mimi ni mtu wa maabara, nilipaswa kujua. Nilijiamini tu, nikafikiri ulimi wangu unatosha."

"Mbona uteme? Nimekupa sumu?"

Akainua uso. "Nimefunga."

Sikumwelewa. Nilidhani labda ni mambo ya kanisa.

"Umefunga nini?"

"Ramadhani. Kama wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Nikavuta kiti nikakaa.

"Nani alikwambia ufunge?"

"Hakuna. Siku ile mwezi ulionekana nilikuona unaingiza trei peke yako. Mama yako ameenda. Nikajiuliza, huyu anafanya hii kitu mwezi mzima peke yake, inakuwaje? Nikasema nitajaribu siku moja, nione. Siku ya pili nikajaribu tena. Halafu nikaanza kupita pale msikitini Jumamosi na Jumapili baada ya saa kumi, nakaa nyuma kabisa nasikiliza darasa. Kuna mama aliuliza kuhusu kuonja mchuzi. Ustadhi akasema, mwenye haja anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi, mradi asimeze. Nikasema, hii ni yangu. Kazini pia ndivyo nimekuwa nikifanya."

"Si ungeweka kipande, ukakila jioni, ukaniambia kesho yake?"

"Ningekwambia kwa nini nangoja jioni? Ungeniuliza, na sitaki kukudanganya ukiniuliza. Na jioni nikishakunywa chai na viazi nalala kama gunia. Nafanya shifti ya alfajiri."

"Unafuturu na nani?"

"Na nani? Peke yangu."

Siku ishirini na moja. Mimi upande huu wa ukuta na tende zangu tatu juu ya sahani, nasikiliza adhana, namwambia Mungu kwamba hakuna mtu duniani aliye peke yake kama mimi. Yeye upande ule na viazi vyake, na adhana ile ile. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kutoa mikono kwenye vile vyuma nimshike masikio nimpige.

"Mbona hukuniambia, Limo? Neno moja tu. Ningekuletea uji. Ningekuletea hata sambusa."

"Ndiyo sababu." Alisema polepole. "Ungeniletea sambusa. Ungefurahi. Na Mujahid angesema nini? Ati huyu Mkalenjin anafunga ndio apewe bibi. Angekuwa sawa?"

"Ni wewe unajua. Unafunga kwa ajili ya nani?"

Swali lilinitoka kabla sijalizuia. Akajipangusa uso kwa kiganja.

"Hiyo ndiyo shida yangu. Alfajiri nikiamka kula daku, giza bado, naweza kuapa ni mimi na Mungu tu. Moyo unatulia vile haujawahi kutulia. Halafu saa kumi inafika, nakuja hapa, unanitazama hivyo, na sijui tena. Sijui, Najwa. Ningekuwa najua ningekuwa nimekuja na kuongea zamani."

Uani palikuwa kimya. Upepo ulikuwa unaleta vumbi lile la Machi kabla ya mvua, na shuka za Mama Becky zilizobaki zilikuwa zinapigapiga kamba.

"Wale wa shamba wamepiga simu leo," akasema. "Wanataka nifike kesho asubuhi. Nikasema nitawapa jibu jioni."

"Na umeamua nini?"

"Nafikiri niende. Si kwa kukasirika. Sikiza. Huko shambani hakuna mtu anafunga. Hakuna adhana. Mama yangu ataniwekea chai saa nne, na viazi na maziwa saa saba, na atakaa hapo anitazame. Na wewe hautakuwa dirishani. Nikimaliza hizi siku zilizobaki nikiwa huko, nitajua saumu hii ni ya nani. Nikishindwa, pia nitajua, na sitakuja kukusumbua wewe wala Mujahid." Akasogea karibu na vyuma. "Lakini ukisema nibaki, nabaki. Sasa hivi. Sitauliza mara mbili. Kesho asubuhi niko kwa mlango wa kaka yako."

Nitasema ukweli hapa kwa sababu siku ile sikuusema. Neno "baki" lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa limekaa hapo tangu siku ya kumi na tano, pengine tangu siku ya tilapia. Niliwaza futari ya jioni hiyo na sahani mbili. Niliwaza mtu wa kuniambia kila kitu kina ladha gani mpaka nizeeke. Kitu pekee nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo.

Halafu nikaona kitakachofuata. Nikisema baki, kuanzia dakika ile saumu yake itakuwa yangu. Hata kama ilikuwa ya Mungu alfajiri ile, mimi nitakuwa nimeinunua kwa neno moja, na yeye mwenyewe hatajua tena. Siku tukikosana juu ya chumvi ataniangalia, nami nitamwona anajiuliza. Mujahid atakuwa amesema kweli, na aliyeifanya iwe kweli ni mimi.

"Nenda," nikasema.

Hakusogea. "Unasema nini?"

"Nimesema nenda. Hukusema hutauliza mara mbili?"

"Najwa."

"Usiniite hivyo. Nenda kabla sijageuza neno. Na usinipigie simu kuniambia umefunga. Hata siku moja. Sitaki kujua kama umekunywa chai ya mama yako au hukunywa. Ukinipigia, utakuwa unanifungia mimi."

"Na nikimaliza?"

"Utaenda Lanet kwa Mujahid kwanza. Usinipitie mimi."

Akatikisa kichwa kukubali. Macho yake yalikuwa yamejaa, na hakuyaficha. Nusu saa baadaye alipita tena, mkononi ana begi moja na jiko la gesi. Nilikuwa nimefunga tende tatu kwenye karatasi. Nikazipitisha kati ya vyuma.

"Magharibi itakukuta Njoro," nikasema. "Usisahau."

Akapokea. Vidole vyetu havikugusana. Tulikuwa waangalifu kama watu waliobeba maji yaliyojaa. Kisha akaondoka uani, akapita lango, na viatu vyake nikavisikia mpaka barabarani.

Nikarudi kwenye mikebe. Nilimwaga biskuti zote kwenye gunia. Nikapima unga mpya, siagi, sukari, nikaanza kukanda kwa mikono, kama alivyonifundisha Mama, ili za Ilwad ziwe tayari. Nilikanda mpaka adhana ikaita. Nikafuturu kwa maji.

Sikuwa nimeketi vizuri simu ikaita. Mujahid.

"Kuna mtu ameniambia amemwona yule jamaa barabarani na begi na jiko la gesi. Anasafiri?"

"Amehama."

"Amehama kwenda wapi?"

"Kwao. Mau Narok."

"Umemfukuza wewe?"

"Mimi nimemwambia aende."

Kaka yangu alivuta pumzi ndefu ya mtu aliyeshushiwa mzigo. Nikasikia akimwita Mama kutoka chumba kingine.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kumbe ulikuwa unatusikia. Mungu atakulipa, Najwa, wallahi. Mama anasema atarudi kesho asubuhi, mwoke pamoja. Unasikia? Anafurahi sana. Ngoja nikupe uongee naye."

Nilitaka kumwambia. Lilikuwa jambo la kusema tu: Mujahid, mtu huyo unayemshukuria Mungu kuondoka, saa hii yuko kando ya barabara ya Njoro anafungua saumu yake ya ishirini na mbili. Ningelisema, kaka yangu angenyamaza. Pengine angelia. Pengine angechukua gari amfuate. Na itakuwa tena ni mimi nimemwombea, na kila kitu nilichokifanya jioni ile kitakuwa bure.

"Mwambie karibu," nikasema, nikakata kabla Mama hajashika simu.

Kisha nikakaa sakafuni jikoni na mikono yangu ya unga, nikamlilia Kiplimo kwa sauti kubwa, mimi mtu mzima wa miaka thelathini na nne. Na kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani ianze, ng'ambo ya ukuta hakukuwa na mtu yeyote wa kusikia.